Mlango 3389

Simu ililia saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu mwaka 2021. Nilikuwa napiga mswaki. Alikuwa yule dada wa kaunta kwenye duka la pembejeo la Nangara.

"Kaka shikamoo. Kompyuta imegoma. Inaandika Kizungu tu."

Nikamwambia azime, awashe. Hilo ndilo jibu la mafundi wote wa kompyuta duniani, na mara nyingi tu linafanya kazi.

"Nimeshafanya hivyo mara tatu, kaka. Yale mafaili yamebadilika majina."

Hapo nikaweka mswaki chini.

Kutoka katikati ya mji wa Babati hadi Nangara si safari. Boda ya elfu moja, na kama umemzoea dereva hata mia saba anakubali. Asubuhi ile nilikaa nyuma ya pikipiki nikiomba kimoyomoyo iwe ni diski imekufa. Diski ikifa ni hasara, lakini ni hasara isiyo na mtu nyuma yake, kama radi. Nikafika. Mama mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni, khanga mabegani, na nyuma yake foleni ya wakulima waliokuja kuchukua mbegu. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na dirisha limejaa maandishi: mafaili yako yote yamefungwa, ukitaka kuyafungua tuandikie kwenye barua pepe hii, bei itategemea utaandika haraka kiasi gani, malipo ni kwa Bitcoin. Walijitolea hata kufungua mafaili machache bure, kama mwonjo, ili tuamini kwamba funguo wanazo. Karanga za kuonja mnadani zina ukarimu wa namna hiyohiyo.

Kila faili lilikuwa limeongezewa mkia mrefu wenye anwani ya barua pepe ndani yake. Faili la madeni. Faili la hesabu za kodi. Picha za kamera. Diski ya nje, ile niliyomnunulisha mama mwenyewe kwa ajili ya kuhifadhi nakala, ilikuwa imechomekwa nyuma ya mashine usiku na mchana kwa mwaka mzima, kwa sababu mimi ndiye niliyesema ichomekwe isitolewe. Nayo ilikuwa imefungwa. Hata zile nakala za kivuli ambazo Windows huzitunza yenyewe zilikuwa zimefutwa. Mwizi wa aina hii hufuta nakala kwanza, ndipo anafunga.

Ngoja niseme kazi yangu ni ipi, maana kila nikieleza huwa nasababisha matatizo. Nahudumia biashara ndogo ndogo kwa mkataba wa mwezi: maduka, famasi, nyumba za wageni, shule mbili binafsi. Wananilipa hata kama hakuna kilichoharibika, ili kisiharibike. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Mtu wa Babati anaelewa vizuri sana kumlipa fundi aliyetengeneza kitu. Kumlipa fundi kwa sababu hakuna kilichotokea, hiyo inahitaji imani. Miaka ya mwanzo nilikuwa najitambulisha kwamba nafanya "usalama wa mtandao", mpaka siku moja mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni alipolisikia neno usalama akanyamaza ghafla, akaanza kunisifia serikali. Ikanichukua kikombe kizima cha chai kumwaminisha kwamba mimi si mtu wa Usalama, ni fundi wa kompyuta tu.

Mzee huyohuyo nilipomwambia mashine yake ina kirusi, aliniuliza, "Hawa Warusi wanatafuta nini Babati?" Nikacheka mpaka machozi. Nimeisimulia hadithi hiyo kwenye harusi na kwenye misiba. Nitaomba uikumbuke, nitairudia.

Turudi kwenye duka. Kilichofungwa kilikuwa na uzito kuliko unavyoweza kudhani. Duka la pembejeo halifanani na duka la nguo. Mkulima anachukua mbegu na mbolea mwezi wa kwanza au wa pili, analipa akivuna. Kati ya hapo na mavuno kuna maneno yake tu, na sahihi au dole gumba kwenye kaunta buku. Mama alikuwa na makaunta buku ya kwaya nne tangu anafungua duka, yamepangwa rafu ya juu. Halafu ukaja mwaka 2017. Wanaolima mbaazi Babati hawahitaji kukumbushwa: mwezi wa nane India ikaweka ukomo wa mbaazi inazoingiza kutoka nje, na bei huku ikaporomoka. Watu walikuwa na magunia ndani ya nyumba na hawana wa kumuuzia. Madeni ya msimu ule yakahamia msimu uliofuata, yakachanganyika na madeni mapya, wengine wakalipa nusu kwa mahindi, mwingine kwa mbuzi. Kaunta buku likawa limejaa mishale na kufutwafutwa. Mama akasema basi, nataka kitu ambacho nikiuliza fulani ananidai au namdai, kinanijibu.

Nikamtengenezea kitabu cha Excel. Jina, kijiji, simu, alichochukua, alicholipa, salio. Kwenye folda nyingine tukaweka picha za vitambulisho vya NIDA vya wanaokopa. Nilijivunia kazi ile. Mpaka mwisho wa 2020 kulikuwa na majina zaidi ya mia tatu, na yale makaunta buku mama alikuwa ameacha kuyajaza, kwa ushauri wangu. "Mama, ukiandika sehemu mbili utachanganyikiwa," nilimwambia hivyo. Maneno yangu hayo.

Asubuhi ile, mama aliniuliza swali ambalo kila mtu angeuliza. "Imeingiaje?"

Dada wa kaunta alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa na umri kama miaka ishirini na mbili, mwepesi wa hesabu, ndiye aliyekuwa anajaza lile faili kila jioni. Kwenye mashine kulikuwa na flashi imechomekwa, ya kwake, ya nyimbo za kwaya. Macho ya mama yakaenda kwenye flashi. Yangu yakafuata. Nikasema, "Inawezekana ni flashi."

Uelewe kwamba sikusema uongo. Flashi zimeleta virusi Tanzania hii kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Steshenari ngapi zimeambukiza wanafunzi wanaoenda kuchapa barua za maombi ya kazi? Ukichomeka flashi, folda zako zote zinageuka kuwa njia za mkato, kila fundi wa rika langu ameshasafisha mamia ya hizo. Kwa hiyo inawezekana. Lakini nilipotamka neno "inawezekana" nilikuwa tayari na wazo jingine kichwani, dogo, linalowasha, na nililisukuma chini. Mama alimgeukia yule dada, hakupiga kelele, akamwambia tu, "Nenda nyumbani. Nitakuita."

Yeye akanitazama mimi. Alitaka niongeze kitu. Nikainama kuchomoa nyaya.

Nilibeba mashine hadi kwangu. Usiku, nikiwa nimechomoa mtandao wote, nikafungua kumbukumbu za Windows. Kompyuta huandika daftari la matukio yake: nani kaingia, saa ngapi, nani kajaribu akakosea. Kuingia kukifanikiwa huandikwa kwa namba 4624. Kukishindikana, 4625. Wezi wengine hulifuta daftari hili wakiondoka, hawa hawakujisumbua. Lilikuwa limejaa hadi ukomo wake, matukio ya zamani yamesukumwa nje na mapya, yaliyobaki yalianzia Ijumaa. Na kuanzia Ijumaa ilikuwa ni 4625, 4625, 4625, ukurasa baada ya ukurasa, kila baada ya sekunde chache. Mtu, au tuseme programu ya mtu, ilikuwa inajaribu majina: administrator, user, test, admin. Ijumaa nzima, Jumamosi nzima, Jumapili wakati sisi tuko kanisani. Halafu usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nane na dakika kumi na saba, ikatokea 4624 moja. Jina la akaunti: admin.

Akaunti ile niliiunda mimi. Nenosiri lake lilikuwa Admin@2020. Nakumbuka nilivyojiona mjanja kuweka ile alama ya @.

Sasa nieleze mlango. Kila kompyuta iliyoko kwenye mtandao ina milango yenye namba, zaidi ya elfu sitini na tano, kila huduma na mlango wake. Mlango namba 3389 ni wa kuiendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali: unakaa kwako, unaona kioo cha kule, unashika kipanya cha kule. Kwa kawaida duka la Nangara lisingekuwa na hatari hiyo, kwa sababu ukitumia intaneti ya laini ya simu, kampuni inakuficha nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine kibao, hakuna anayeweza kukubishia hodi moja kwa moja. Lakini mama alitaka kuona kamera za duka kwenye simu yake akiwa Arusha. Kwa hiyo mwaka 2020 nilimwombea intaneti ya waya yenye anwani isiyobadilika. Kwa kamera nikafungua mlango mmoja kwenye ruta. Na nilipokuwa humo humo ndani ya ruta, nikafungua na 3389.

Kwa nini? Kwa sababu ya Dareda. Nilikuwa na wateja Dareda na Magugu, pande mbili tofauti kabisa, na siku moja ya mvua nilikuwa Dareda nimelowa hadi mifupa, mama akapiga simu printa haichapishi. Ilinibidi nirudi Nangara jioni ile kubonyeza kitufe kimoja. Kimoja. Nikajisemea haiwezekani. Wiki iliyofuata nikafungua mlango, na kuanzia hapo nikawa naitwa fundi wa ajabu, fundi anayetengeneza akiwa kitandani. Mama alikuwa anawasimulia wateja wake. Nilipata mikataba miwili kwa sifa hiyo.

Nilijua kuna hatari, nisijifanye sikujua. Mwezi wa tano 2017, siku ya tarehe 12, WannaCry ilipofunga kompyuta za hospitali Uingereza na za watu nchi kibao kwa siku moja, nilisoma kila kitu. Nilijua Microsoft walikuwa wametoa kiraka miezi miwili kabla na watu hawakukiweka. Nilikuwa nawahubiria wateja wangu kuhusu viraka. Nilijua hata lile jaribio la chuo kikuu cha Michigan la mwaka 2013, programu iitwayo ZMap, iliyoweza kugonga mlango mmoja kwenye anwani karibu zote za intaneti ya dunia ndani ya dakika 45 kwa kompyuta moja. Dakika 45! Nilizijua habari hizo jinsi mtu anavyojua kuwa simba wapo Tarangire. Tarangire iko jirani, basi za Arusha zinapita karibu na lango lake kila siku, na bado hufungi mlango wako kwa ajili ya simba. Kichwani mwangu Nangara ilikuwa mbali. Nani atakuja kutafuta duka la mbegu Nangara?

Hakuna aliyekuja kulitafuta. Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa. Ile programu haikujua Nangara ni nini, haikujua mbegu wala mbaazi, haikuchagua. Ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba duniani ikisukuma milango, na wa kwetu ulikuwa umerudishiwa tu, haukukomewa.

Nilipomaliza kusoma lile daftari ilikuwa saa saba usiku. Ningeweza kumpigia mama asubuhi. Sikupiga. Jumanne nikamwambia bado nachunguza. Jumatano nikamwambia hivyo hivyo. Nilikuwa napiga hesabu: mkataba wa Nangara ulikuwa elfu sitini kwa mwezi, lakini mama ndiye aliyenipeleka kwa wateja wanne wengine. Mji wetu si mkubwa. Neno likitoka dukani kwake asubuhi, jioni limeshafika stendi. Na yule dada, nilijiambia, ataitwa tu arudi, ni suala la siku chache, mama anampenda. Alhamisi nikapata ujumbe kutoka kwa dada mwenyewe: "Kaka, umeshaona kama ni flashi yangu?" Niliusoma, nikauacha na zile tiki mbili za bluu. Ningekuwa nimezima zile tiki ningejisikia vizuri kidogo, na hilo lenyewe linakuonesha nilikuwa nimefika wapi.

Ijumaa nikaenda.

Mama alikuwa anapima mbolea. Nikamwomba tukae nyuma. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili cha kawaida, bila 4625. Kwamba nilifungua mlango ili nisisafiri. Kwamba ufunguo wake ulikuwa wa kuotea. Kwamba nakala niliiweka chumba kimoja na mali. Kwamba flashi haikuhusika na nilijua tangu Jumatatu usiku.

Alikaa kimya muda mrefu. Mteja akaita kaunta, hakuitika. Halafu akasema, "Kwa hiyo uliacha duka langu wazi ili wewe ulale."

"Ndiyo mama."

"Na mtoto wa watu nikamfukuza, wewe umesimama pale."

"Ndiyo mama."

Akaniambia nimletee mashine na nisimtumie ankara ya mwezi huo. Akainuka akaenda kwa mteja wake. Sikumbuki kama niliaga.

Wezi hatukuwalipa. Nilimpelekea barua yao akasoma nusu, akauliza, "Hawa nikiwalipa nitawadai risiti wapi?" Kwa mtu anayebanwa na mashine ya EFD kila siku lilikuwa swali la haki. Tuliripoti polisi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na inamhusu vizuri kabisa aliyeingia bila ruhusa, ila aliyeingia alikuwa hana sura wala nchi. Anwani aliyotokea niliitafuta. Inaweza kuwa ya kompyuta ya mwathirika mwingine kama sisi.

Madeni yalirudi kwa njia ambayo nisingeibuni hata kwa mshahara. Kila mwezi wa kumi mama huwa anawatumia wadaiwa wake ujumbe mfupi wa kuwakumbusha, mmoja mmoja, kwa kidole, kutoka kwenye ile simu yake ndogo ya vitufe: "Ndugu, deni lako ni kadhaa, karibu tumalizane." Nilikuwa nimemshauri mara mbili anunue huduma ya kutuma ujumbe kwa pamoja kutoka kwenye kompyuta, akakataa, akasema watu hawalipi kwa ujumbe wa mashine. Simu ile ilikuwa haijafutwa. Alikaa na mwanawe likizo ya Pasaka wakinakili ujumbe mmoja mmoja kwenye kaunta buku jipya. Vilikuwepo vipengele vilivyopotea, hasa mikopo ya mbegu ya Januari na Februari, ambayo ilikuwa haijafikia kutumiwa ujumbe. Kwa hiyo akawaita. Waliokuja wakasema wenyewe walichochukua. Wengi walitaja kiasi kinacholingana na mifuko aliyoikumbuka. Wachache walikuwa na kumbukumbu nyepesi. Mzee mmoja kutoka Galapo alitaja deni kubwa kuliko mama alivyodhani, wakabishana kaunta, kila mmoja akivutia kwa mwenzake, hadi watu wakacheka.

Kitu ambacho hatukukifanya, na bado sijakikalia vizuri, ni kuwaambia wale mia tatu kuhusu vitambulisho vyao. Picha za NIDA zilikuwa humo. Mwizi anaweza kuzifunga tu, anaweza pia kuzichukua kabla ya kufunga, na mimi sikuwa na namna ya kujua. Wakati ule hakuna aliyetulazimisha kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Siku niliposikia imeanza, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni yule mzee wa Galapo. Akipata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaotupata sote, ni utapeli wa kawaida. Lakini akipigiwa na mtu anayemtaja majina matatu na kijiji? Mama nilimwambia. Akasema tukiwaambia sasa watauliza kwa nini hatukusema mwanzo. Nilikuwa sina jibu, kwa kuwa swali hilohilo lilikuwa langu.

Yule dada aliitwa arudi. Hakurudi. Alikuja siku moja kufuata mshahara wa mwezi wake wa mwisho, na hapo likazuka jingine. Alikuwa amemkopea mama yake mbegu na dawa za ng'ombe dukani hapo. Yeye alisema deni ni elfu arobaini. Mama mwenye duka alikumbuka elfu themanini na tano. Mtu wa ndani ya duka hakuwa anatumiwa ujumbe wa kukumbushwa. Wakanigeukia mimi, nilikuwa nimekuja kuchukua nyaya zangu. "Fundi, kwenye kompyuta iliandikwaje?" Niliangalia chini. Mama akakata themanini na tano, akampa kilichobaki. Dada akahesabu, akakunja, akaweka kwenye pochi. Nilimfuata hadi barabarani. Nikamwambia samahani mdogo wangu, kwa ile Jumatatu. Akaniambia, "Kaka, ungeniambia hata Jumanne." Boda ikafika, akapanda.

Mkataba ulikatika kwa miezi minane. Wateja wawili wakaondoka, watatu wakabaki. Nilibadilisha mambo ambayo ningeweza kukuandikia kurasa kumi kuyahusu na ukalala: hakuna tena mlango ulio wazi kwa dunia, ukitaka kuingia lazima upite kwanza kwenye njia ya siri yenye funguo mbili, diski za nakala ni mbili, moja inakaa nyumbani kwa mwenye mali ndani ya kabati la nguo, na zinabadilishana kila Jumamosi, kila mwezi nachukua faili moja kutoka kwenye nakala nalifungua mbele ya mteja, ashuhudie kwamba linafunguka. Hili la mwisho wateja wanalipenda. Linafanana na kuonjwa karanga, ila safari hii karanga ni zao. Na makaunta buku yamerudi. Nimeacha kubishana nayo.

Ile diski iliyofungwa sikuitupa. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaandika tarehe, nikaiweka droo ya chini. Sijui nilitegemea nini. Mwezi wa kumi na moja 2024 nikasoma kwamba Marekani imemfungulia mashtaka mtu anayedaiwa kuiendesha programu ya Phobos, ile ambayo barua yake ilifanana na yetu. Alikuwa ametolewa Korea Kusini, na mashtaka yalitaja waathirika zaidi ya elfu moja na malipo ya zaidi ya dola milioni 16. Raia wa Urusi. Nikamkumbuka mzee wa nyumba ya wageni na Warusi wake wanaotafuta kitu Babati, na sijaisimulia tena hadithi ile kwa kicheko kilekile.

Halafu mwezi wa saba 2025 polisi wa Japani wakatoa programu ya bure ya kufungua mafaili yaliyofungwa na Phobos. Nilisubiri wiki mbili kabla ya kujaribu. Nilijiambia nina kazi nyingi. Usiku mmoja nikaitoa diski, nikatengeneza nakala yake kwanza, hilo angalau nimejifunza, nikaiachia programu ifanye kazi nikaenda kula. Niliporudi mikia ilikuwa imekatika. Folda ya Wateja. Folda ya Kodi. Faili la Madeni, lilihifadhiwa mara ya mwisho Jumamosi jioni, na mwandishi wake ni yule dada.

Niliichapisha. Kurasa kumi na moja. Nikaenda Nangara.

Mama amezeeka kidogo, ana miwani sasa. Akazipokea zile karatasi akazipima uzito mkononi kama mbegu. Nilidhani ataanza kutafuta wale wenye kumbukumbu nyepesi. Alifunua kurasa hadi ya mwisho, ambako tulikuwa tunaandika mikopo ya watu wa ndani, akashuka na kidole. Mbegu, dawa ya kupe, malipo mawili. Salio: 40,000.

Akavua miwani.

"Arobaini na tano elfu," alisema. "Miaka minne." Akatoa simu. "Namba yake unayo?"

Nilikuwa nayo. Sijawahi kuifuta, na sijawahi kuipiga. Nikamsomea, akaibonyeza polepole, akaweka kiasi, akaongeza na ya kutolea. Jina likatokea kwenye kioo kabla ya kuthibitisha. Akanielekezea simu niangalie, nikasema ndiye. Akaweka namba ya siri huku ameiziba kwa kiganja, kama nilivyomfundisha.

"Geuka huko," akaniambia.

Nikageuka.